Mtoto mwenye usonji akishaogopa kuoshwa nywele, mswaki au nguo: jinsi ya kuanza upya bila kumshika kwa nguvu

Maswali yanayonijia ni yaleyale. “Akilia nimalize haraka au niache?” “Mbona zamani alikuwa anakubali, sasa akiliona kopo la kuoshea nywele tu anaingia chini ya meza?” “Tuliambiwa atazoea. Mwaka umepita. Atazoea lini?” Wanaouliza ni wazazi, walezi, walimu, na wenzangu wa tiba kazi walioanza juzi. Nimeona niweke jibu lote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtoto mwenye usonji, au mwenye ADHD (hali ya kupata shida kutulia na kuweka umakini), au yeyote ambaye ubongo wake unaipokea dunia kwa namna yake, na ambaye shughuli fulani ya kila siku imeshamtia hofu. Mfano wangu mkuu ni kuosha nywele, kwa kuwa huko ndiko ninakoona machozi mengi. Hatua hazibadiliki kwa mswaki, kukata kucha, kuvaa, kukalia choo, hata kuingia kwenye chumba cha tiba.

Maneno mawili tuyaweke sawa. “Kazi” katika tiba kazi ni shughuli zinazojaza siku ya mtu: kula, kuvaa, kuoga, kulala, kucheza, kuandika. “Kiwewe” ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu naye hana pa kukimbilia. Kwa mtoto mwenye usonji tukio hilo si lazima liwe ajali au kipigo. Hisi zake zinaweza kupokea mguso, sauti au harufu kwa ukali ambao wewe huuoni. Tangu 2013, DSM-5, kitabu ambacho madaktari wa akili wa Marekani hutumia kutambua magonjwa na hali, kinaihesabu tofauti hiyo ya hisi miongoni mwa dalili za usonji. Maji ambayo wewe yanakupitia tu usoni, yeye yanamchoma. Ongeza hapo mikono ya watu wazima wawili, mlango uliofungwa, na “hapana” isiyosikilizwa. Kiwewe kimeshapatikana, ndani ya bafu la nyumbani, kwa mikono ya watu wanaompenda.

Simlaumu mtu. Karibu kila mzazi niliyekaa naye amewahi kumshika mtoto kwa nguvu, na wengi waliagizwa kufanya hivyo. Ninachokisimamia ni hiki: mtoto haanzi kujifunza mpaka mwili wake uamini kwamba uko salama, na utaamini siku “hapana” yake itakapomsimamisha mtu mzima. Mwaka 2014 SAMHSA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia afya ya akili, lilitoa mwongozo wa huduma inayozingatia kiwewe wenye misingi sita, na wa kwanza ni usalama. Mengine yote yanayofuata hapa chini yanatoka kwenye msingi huo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Daktari kwanza. Mtoto aliyebadilika ghafla, aliyekuwa anapiga mswaki na sasa anauma mkono wa anayemshika, huenda jino linamuuma. Sikio, vidonda vya ngozi ya kichwa, choo kigumu, maumivu ya hedhi kwa msichana aliyeanza kupevuka: yote haya yanajificha nyuma ya kile tunachokiita ukaidi. Tafiti zinaonyesha kwamba karibu nusu ya watu wenye usonji wanapata shida kutambua na kutaja hisia zao wenyewe. Kwa hiyo usisubiri akuambie “panauma”. Mpeleke akaangaliwe.

Daftari na kalamu. Simu pia inafaa, lakini usimrekodi mtoto akiwa katika hali mbaya ili uwaonyeshe watu. Andika.

Njia ya mtoto kusema “acha” na “tayari”. Inaweza kuwa neno, ishara ya mkono, kadi ya picha, au kitufe kwenye kifaa chake cha mawasiliano. Mtoto anayeongea vizuri naye aandaliwe kadi, kwa sababu maneno ndiyo yanayompotea kwanza hofu ikipanda.

Kona ya kupumzikia ambayo anaijua na anaweza kuifikia bila kuomba ruhusa. Isiwe ile ile anayopelekwa akiadhibiwa.

Mpango wa usafi wa muda. Wazazi wengi hukwama hapa: “Nikiacha kulazimisha, si atakaa mchafu?” Kwa wiki hizi, nywele zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, au zikatwe fupi ikiwa kunyoa hakumtishi. Meno yasuguliwe kwa kitambaa laini kilichozungushiwa kidole, au kwa mswaki mkavu bila dawa. Usafi wa wastani kwa wiki sita haudhuru. Kumshika kwa nguvu kwa wiki sita nyingine kutadhuru.

Makubaliano ya watu wazima wote wa nyumba. Mmoja akifuata mwongozo na mwingine akamshika kwa nguvu siku ya Jumamosi, mnaanza tena sifuri.

Hatua ya 1: Acha kulazimisha, na umwambie

Kaa chini, usisimame juu yake. Hata kukaa mbele yake uso kwa uso kunaweza kumzidi, kwa hiyo kaa ubavuni. Kisha sema kwa maneno machache: “Nilikushika. Uliogopa. Sitakushika tena kwa ajili ya nywele.” Basi. Mwambie hata kama haongei. Mtoto asiyeongea si mtoto asiyesikia, na nimeona watoto wasio na neno hata moja wakilegeza mabega siku hiyohiyo.

Usiahidi zaidi ya unachoweza kutimiza. Kuna nyakati utamshika: akikimbilia barabarani, akisogelea moto. Kuhusu dawa au sindano asizoweza kuzikosa, ongea na daktari mapema jinsi ya kuandaa siku hiyo, na usizichanganye na mpango huu.

Tahadhari: usiombe msamaha kwa machozi na kumbatio refu. Hapo unampa kazi ya kukutuliza wewe.

Hatua ya 2: Chunguza kwa siku saba

Wiki nzima usifanye chochote kipya. Tazama na uandike, kwa kila tukio, mambo matatu: kilichotangulia, mwili wake ulifanya nini, na ilimchukua muda gani kurudi sawa.

Hapa ndipo pa kukaa sana, kwa sababu watu wengi huanza kuona pale mtoto anapopiga kelele, na kelele ni ukurasa wa mwisho. Kabla yake kuna kurasa nyingi. Vidole vya miguu vinakunjika. Pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani. Wimbo aliokuwa akiuvumisha unakatika katikati. Macho yanaenda mlangoni na kurudi. Anaanza kuuliza swali lilelile kila baada ya sekunde chache. Anacheka kicheko kikavu kisichofanana na cheko lake. Anapiganisha vidole kwa kasi kuliko kawaida.

Kila mtoto ana kurasa zake. Kupunga mikono kwa mmoja ni furaha, kwa mwingine ni ishara ya tatu kabla ya mlipuko. Ndiyo maana daftari lako lina thamani kuliko orodha yoyote, hata hii yangu.

Jifunze pia kutofautisha mlipuko na kuzima. Mlipuko unauona: anapiga, anakimbia, anajitupa. Kuzima ni kimya. Mwili unalegea au unakakamaa, macho yanatazama mbali, anafanya kila anachoambiwa bila kupinga. Watu husifu hali hii: “Leo ametulia kweli!” Mtoto aliyezima hakutulia. Amekata tamaa ya kusikilizwa na amejiondoa ndani ya mwili wake. Kwangu mimi hii inanitia hofu kuliko kelele, na mtaalamu asiyejua tofauti hiyo anaweza kumuumiza mtoto mwaka mzima huku akiandika kwenye ripoti kwamba ana maendeleo.

Angalizo: vipindi vya kukodoa macho ambavyo mtoto hazinduki hata ukimgusa vinaweza kuwa kifafa, ambacho hutokea zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Andika saa na muda, umpelekee daktari.

Hatua ya 3: Tenga kinachokera na kinachotisha

Hisi si tano tu. Mbali na kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, mwili una hisi ya mizani iliyo kwenye sikio la ndani, hisi ya misuli na viungo inayokuambia mkono wako uko wapi hata ukifumba macho, na hisi ya ndani inayoleta habari za njaa, haja, joto na moyo kudunda. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, ndiye aliyefungua mlango wa kuziangalia hisi hizi kama sababu ya ugumu wa mtoto katika shughuli, na kitabu chake cha 1972 bado kina uzito katika fani yetu.

Chukua shughuli yako uipitie hisi moja moja. Kuosha nywele: mlio wa bomba, mwangwi wa bafu, harufu ya shampuu, mwanga wa taa kwenye vigae, baridi ya hewa mwilini, maji yanayoingia sikioni, vidole vinavyokwaruza kichwa, na kichwa kuinamishwa nyuma, jambo ambalo kwa mtoto ambaye hisi yake ya mizani hushtuka upesi ni sawa na kuanguka shimoni.

Sasa jiulize: ni kero au ni hofu? Kero huanza kitu kinapomgusa na hupungua ukikibadilisha. Hofu huanza kabla: akiona taulo likitolewa kabatini, akisikia nyayo za mtu fulani, ikifika saa fulani. Kero haijali ni nani anayemshughulikia. Hofu mara nyingi ina uso wa mtu. Wengi wana vyote viwili. Kero ni ya hatua ya 5, hofu ni ya hatua ya 4 na ya 6. Ukiitibu hofu kwa kubadilisha shampuu utashangaa kwa nini hakuna kinachobadilika.

Hatua ya 4: Mfundishe kwamba “acha” inafanya kazi

Usianzie bafuni. Anza na kitu anachokipenda: kumsukuma kwenye bembea, kupuliza mapovu ya sabuni, kumbingirisha kwenye godoro. Weka kadi ya ACHA, yenye picha ya kiganja kilichonyooshwa, mahali anapofikia. Akiigusa, simama papo hapo. Usimalizie msukumo mmoja. Usiulize “una uhakika?” Simama, hesabu moyoni mpaka tano, kisha mwonyeshe kadi ya TAYARI. Akiigusa, endelea.

Mtoto atakujaribu, na anapaswa kukujaribu. Mvulana mmoja wa miaka sita niliyefanya naye kazi alikuwa ameshikiliwa bafuni kwa miezi. Siku ya tatu tulikaa sakafuni na beseni dogo na kikombe. Hakutaka maji yamguse. Akachukua kikombe, akanimwagia mimi mkononi, akanitazama. Nikagusa kadi ya ACHA. Akasimama, kikombe kikiwa kimeinama nusu, tone moja likining’inia ukingoni. Nikagusa TAYARI. Akamwaga tena. Tulifanya hivyo mara kumi na moja, na kila nilipogusa kadi alisimama na kuuchunguza uso wangu kwa makini kama fundi anayepima kama ubao umenyooka. Mara ya kumi na mbili aliichukua kadi akaiweka juu ya paja lake, akanipa mimi kikombe.

Sikummwagia maji siku hiyo. Nilikishika tu. Alipogusa kadi nilikiweka chini, naye akatoka nje ya chumba akikimbia na kucheka. Mama yake alikuwa mlangoni. Nilimwambia hiyo ndiyo tiba yenyewe, na nilimaanisha.

Fanya mchezo huu kila siku kwa wiki moja au mbili kabla ya kugusa nywele.

Hatua ya 5: Punguza makali ya mazingira

Rudi kwenye orodha ya hatua ya 3, uondoe au upunguze kila unachoweza. Jaza maji kabla hajaingia ili bomba lisilie. Tandika taulo ukutani na sakafuni, linameza mwangwi. Zima taa kali ukaribishe mwanga wa dirisha. Shampuu isiyo na harufu. Kwa meno, dawa isiyo na ladha wala povu. Joto la maji alipime yeye kwa mkono wake. Maji yasimwagwe, yakamuliwe kwa sifongo. Kichwa kibaki wima, na kitambaa kikavu akishike mwenyewe machoni. Vilinda masikio vinaruhusiwa.

Kabla ya shughuli, mpe mwili wake kazi nzito kwa dakika tano au kumi: kusukuma ukuta, kubeba ndoo yenye maji kidogo, kuruka, kutambaa, kubanwa kati ya mito miwili ikiwa yeye ndiye anayeomba. Msukumo kwenye misuli na viungo huwatuliza watoto wengi. Si wote, kwa hiyo tazama daftari.

Neno kuhusu blanketi zito, maana kila mtu analiuliza. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014 ulilijaribu kwa watoto wenye usonji wenye shida ya usingizi. Halikuwaongezea usingizi kwa kiasi cha maana, ingawa watoto na wazazi walilipenda kuliko la kawaida. Ukilitumia, mtoto aweze kulitoa mwenyewe, lisifunike kichwa kamwe, na lisitumiwe kwa mtoto mdogo sana wala mwenye shida ya kupumua. Likitumiwa kumtuliza mtoto asiyelitaka, hilo ni kumshika kwa nguvu kwa njia nyingine.

Hatua ya 6: Panda ngazi, vidato vidogo

Andika ngazi ya vidato kumi au zaidi kati ya mahali alipo na mahali mnapotaka kufika. Mfano:

1. Kopo liko sebuleni kati ya vitu vya kuchezea. Hakuna anayelitaja.
2. Anamwogesha mwanasesere kwa kopo lile.
3. Anaingia bafuni akiwa na nguo zake, mlango wazi, na kutoka.
4. Anacheza bafuni, beseni lina maji, hakuna anayemgusa.
5. Anajilowesha mkono, kisha bega, kwa sifongo.
6. Anajigusa nywele kwa sifongo lenye unyevu.
7. Anakamua tone moja juu ya nywele mwenyewe.
8. Wewe unakamua, mkono wake ukiwa juu ya wako.
9. Wewe peke yako, mkamuo mmoja, kadi iko pajani.
10. Mikamuo mitatu na tone la shampuu.

Kaa kwenye kidato mpaka akifanye mara tatu bila ishara hata moja ya zile ulizoandika. Zikitokea, shuka kidato kimoja, pasipo sura ya kukata tamaa. Kuna mtoto atakayekaa kidato cha 4 mwezi mzima halafu apande vitatu kwa siku moja.

Kosa kubwa kuliko yote hapa: siku anapofanya vizuri, mtu mzima anaingiwa na tamaa. “Si umeona hamna kitu? Basi tumalizie na sabuni!” Mmekubaliana mikamuo mitatu, iwe mitatu. Mkamuo wa nne wa siku hiyo utakugharimu wiki.

Kosa la pili ni kumlipa. Zawadi inaweza kumfanya mtoto apuuze mwili wake unaomwambia “sitaki”, avumilie, alie baadaye. Furahi pamoja naye kwa namna anayoipenda, lakini usiinunue “ndiyo” yake.

Hatua ya 7: Mwonyeshe mwanzo, katikati na mwisho

Picha nne ukutani: kopo, sifongo, taulo, na kile kinachofuata anachokipenda. Kila kimoja kikiisha anageuza picha. Hesabu kwa sauti ileile kila siku, kwa kwenda juu hadi namba mliyokubaliana. Saa ya mchanga inasaidia wanaopenda kuona muda ukiondoka. Saa yenye kengele inawashtua wengi, iache.

Kitu kikibadilika, mwambie kabla, hata kama ni kidogo. Sifongo jipya lenye rangi nyingine ni habari kubwa.

Hatua ya 8: Tuliza mwili wako

Ukiwa na haraka, subiri kesho. Mtoto anasoma pumzi yako kabla ya maneno yako. Ongea kidogo na polepole, kisha nyamaza mpe muda wa kuchakata. Sekunde kumi za ukimya zitakuwia ndefu, kwake ni za kawaida. Usimwambie akutazame machoni. Usimguse kumtuliza bila kumwonyesha mkono kwanza. Na akilipuka, kazi yako ni kuondoa vitu vya hatari, kupunguza watu na sauti, na kubaki karibu. Mafundisho yoyote yasubiri mpaka kesho yake.

Mambo yakikwama

“Anasema ACHA kila mara, hatuendi popote.” Vizuri, anaiamini. Kidato ulichompa ni kirefu mno. Kigawe mara mbili. Kama bado anasimamisha kila kitu, rudi kwenye mchezo wa hatua ya 4 kwa siku chache.

“Alikuwa anaendelea, amerudi nyuma ghafla.” Kwanza maumivu na ugonjwa. Pili usingizi. Tatu uliza shuleni na kwa kila anayemlea kama kuna aliyemshika. Nne mabadiliko: mtu aliyehama, ratiba iliyogeuka. Shuka vidato viwili. Atapanda upesi kuliko mara ya kwanza.

“Kwa mtaalamu anakubali, nyumbani analipuka.” Mara nyingi amejibana kule kwa nguvu zake zote, anakuja kufungulia mahali anapojisikia salama. Usiambiwe kwamba shida ni wewe. Mwombe mtaalamu apunguze mahitaji kwenye kipindi, na baada ya tiba au shule mpe mtoto saa moja isiyo na maagizo.

“Ndugu wanasema ninamdekeza.” Waonyeshe daftari. Mwezi wa kwanza dakika arobaini za kilio, mwezi wa tatu dakika mbili za kunung’unika. Hoja ya maandishi hunyamazisha kuliko mabishano.

“Anajipiga kichwa.” Weka mto au mkono wako kati ya kichwa na ukuta, usimfunge mikono. Kisha daktari, haraka, maana nyuma ya kujipiga kichwa huenda kuna maumivu ya sikio, jino au kichwa. Na simamisha ngazi kwa sasa.

“Mtaalamu wetu anamshika mtoto, na haturuhusiwi kuingia.” Muulize maswali matatu: mtoto wangu akisema acha unafanyaje? Unajuaje kwamba amezima? Naweza kukaa ndani? Majibu ya wazi atakupa asiye na cha kuficha. Akikujibu kwamba kilio ni sehemu ya tiba, una haki ya kumtoa mtoto siku hiyohiyo, na mimi ningemtoa.

“Haoneshi hofu ya maji tu. Halali, anaota vibaya, anajikojolea upya, anarudia tukio lilelile kwenye michezo yake, anamwogopa mtu mmoja.” Hapa ngazi ya bafuni haitoshi. Anahitaji mwanasaikolojia wa watoto anayefahamu usonji, afanye kazi pamoja na mtaalamu wa tiba kazi. Watoto wenye ulemavu hudhulumiwa zaidi ya wengine, na asiyeweza kusimulia ndiye anayechaguliwa. Ukishuku, usimhoji mtoto kwa maswali ya kumwongoza. Andika alichosema au alichofanya kwa maneno na matendo yake, mtenge na mtu huyo, na utoe taarifa kwa wanaolinda watoto mahali ulipo.

“Ataoshwa nywele lini kama watoto wengine?” Huenda asioshwe hivyo kabisa. Yule mvulana wa kikombe sasa ana miaka tisa. Anajiosha mwenyewe kila Jumapili, kichwa wima, vilinda masikio vikiwa vimening’inizwa mlangoni kwa ajili ya siku mbaya, na sifongo la kijani ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa. Kadi ya ACHA bado iko ukutani. Mama yake ananiambia hajaigusa tangu mwaka jana, na kwamba akiiondoa kufuta vigae, anairudisha kabla mtoto hajaingia.